Pemba kwenye pindo la khanga

Jirani yangu mmoja hapa Masasi, mjamzito wa miezi mitano, hufunga pemba, udongo mgumu wa kula, kwenye pindo la khanga. Akiwa jikoni hufungua fundo, akavunja kipande, akakitafuna taratibu, kisha akafunga upesi kabla mama mkwe hajatokea. Kliniki pia hasemi. Aliwahi kuitaja pemba huko wakati wa mimba ya kwanza, akakaripiwa mbele ya foleni nzima.

Wanaotetea pemba wana hoja. Kichefuchefu cha mimba changa ni mateso, na wengi husema wakila udongo mate hupungua na tumbo hutulia. Nawaamini. Udongo laini hunasa vitu tumboni, na aina yake moja, kaolini, imetumika miaka mingi katika dawa za kuzuia kuharisha. Tena bibi zetu walikula, wakazaa, nasi tupo.

Shida ni kwamba udongo hauchagui cha kunasa. Madini chuma ya kwenye chakula, hata ya vidonge vya kuongeza damu, nayo huweza kunaswa yakatoka na choo. Kwa hiyo kauli ya baadhi ya watu kwamba pemba inaongeza madini siikubali. Utafiti wa wajawazito wenye VVU jijini Dar es Salaam, uliochapishwa 2009, ulikuta takribani 3 kati ya 10 wanakula udongo, na hao ndio waliokuwa na upungufu wa damu zaidi. Wataalamu bado wanabishana: udongo ndio unaopunguza damu, au damu ikipungua ndipo mtu anatamani udongo? Mimi naona yote mawili yanazungukana, na huku kwetu malaria na minyoo vinazidi kuchochea.

Kuna na sumu. Udongo ulioliwa na wajawazito kwenye maeneo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu Geita ulipopimwa, ulikutwa na aseniki, ambayo ni sumu. Pemba ya sokoni hatujui imechimbwa shimo gani. Kuichoma huua mayai ya minyoo, lakini metali yenye sumu kama risasi haiungui, na hupita kwenye kondo la nyuma hadi kwenye ubongo wa mtoto.

Mama akiishiwa damu sana, uwezekano wa kuzaa njiti au mtoto wa chini ya kilo 2.5 huongezeka. Hata akizaliwa na uzito mzuri, anaweza kuja na akiba ndogo ya chuma, na akiba hiyo ndiyo ya kumvusha miezi 6 ya kwanza, maana maziwa ya mama yana chuma kidogo.

Ndiyo maana sioni faida ya kumfokea mwanamke. Uchu wa udongo ni dalili, apimwe damu. Ikiwa hemoglobini, yaani kipimo cha wingi wa damu, iko chini ya gramu 11 kwa desilita, atibiwe, vidonge asivimeze na chai, apewe dawa ya minyoo baada ya miezi 3 ya mwanzo. Dagaa, mbaazi na kisamvu tunavyo, na chungwa la kusindikizia.

Juzi nilimsindikiza jirani. Damu ilisoma 8.6. Nesi akasogeza kiti, akauliza kwa sauti ya chini, "Dada, pemba unakula?" Jirani akafungua fundo, akaiweka pemba mezani.