Kupiga mbizi kwa mgonjwa wa figo: tatizo kubwa si naitrojeni

Anapotajwa mgonjwa wa figo anayetaka kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa, hofu ya kwanza huelekezwa kwa naitrojeni, gesi ya hewani inayoweza kufanya viputo mwilini mzamiaji anapopanda juu, kana kwamba figo dhaifu zitashindwa kuiondoa. Hofu hiyo haina msingi, kwa sababu naitrojeni inayoyeyuka katika damu mzamiaji anapokuwa chini hutolewa na mapafu, nayo figo hazina sehemu yoyote katika kazi hiyo. Wanaomkataza mgonjwa kwa hoja hii wanaweza kuwa na jibu sahihi, lakini kwa sababu isiyo sahihi, na mgonjwa anayeigundua kasoro hiyo huenda akapuuza na onyo lenyewe.

Hoja nzito zaidi ya wanaokataza huanza hata kabla mzamiaji hajafika mita 1. Mwili unapozama, mgandamizo wa maji husukuma damu kutoka miguuni kuelekea kifuani, kiasi cha takriban mililita 700, na moyo unapotanuka kwa wingi huo, mwili hutafsiri kwamba maji yamezidi na kuziagiza figo zitoe mkojo zaidi. Ndiyo maana wazamiaji wenye afya njema hubanwa na mkojo kila mara. Mgonjwa ambaye figo zake zimeacha kutoa mkojo hana njia hiyo ya kupunguza maji, hivyo akiingia majini akiwa tayari amebeba lita 2 au 3 zilizojikusanya tangu aliposafishwa damu kwa mashine (dialisisi) mara ya mwisho, maji yanaweza kumjaa mapafuni akiwa mbali na msaada. Hali hii huwapata hata watu wenye figo nzima, hasa wenye shinikizo la juu la damu, na shinikizo hilo ni ugonjwa unaoandamana na wagonjwa wengi wa figo. Potasiamu, madini ambayo figo dhaifu hushindwa kuyaondoa, ikipanda na kuweza kuvuruga mapigo ya moyo, pamoja na upungufu wa damu unaofanya kuogelea dhidi ya mkondo kuwe kazi ngumu, huzidisha hatari hiyo.

Wanaoruhusu hujibu kwamba yote hayo hutegemea siku, na hapa nadhani wana haki ya kusikilizwa. Anayesafishwa damu mara 3 kwa wiki si mgonjwa yuleyule kila siku. Mwisho wa pengo la siku 2 bila kusafishwa huwa amejaa maji na potasiamu. Saa chache baada ya kutoka kwenye mashine huwa amechoka, shinikizo limeshuka, matundu ya sindano hayajafunga, na huenda dawa ya heparini bado inazuia damu yake kuganda. Nafasi inayobaki ni finyu: siku inayofuata usafishaji, akiwa karibu na uzito aliopangiwa na daktari, yaani uzito wake bila maji ya ziada, huku moyo wake umekwisha kupimwa kwa zoezi.

Njia ambayo damu hutolewa mwilini ili isafishwe ndiyo inayoutenganisha mjadala waziwazi. Fistula, na hapa simaanishi ile ya uzazi bali vena ya mkononi (mshipa unaorudisha damu moyoni) iliyounganishwa na ateri (mshipa unaotoa damu moyoni), haiharibiwi na mgandamizo wa kina kwa kuwa ndani yake mna damu tu, isiyobinyika kama hewa. Haipitishi viputo kuelekea ubongoni pia, maana inapeleka damu kutoka kwenye ateri kwenda kwenye vena, na damu hiyo bado itachujwa na mapafu. Kinachoiua fistula ni vitu vidogo: mkono wa suti unaobana, mkanda wa kompyuta ya mbizi (kifaa cha mkononi kinachopima kina na muda) uliokazwa juu yake, mtungi ulioinuliwa kwa mkono huo, au upungufu wa maji unaopunguza mtiririko hadi damu igande. Mwenye mrija bandia chini ya ngozi ana wasiwasi huohuo. Kuhusu katheta (mrija laini) inayotokeza shingoni au kifuani, sioni pande mbili za kupima. Ni mlango ulio wazi kuelekea moyoni, na vimelea vya baharini havihitaji zaidi ya hapo. Katheta ya tumboni, ya wanaosafishwa kwa maji yanayopitishwa tumboni badala ya mashine ya damu, ina hatari yake ya kuambukiza utando wa tumbo, na sidhani bandeji isiyopitisha maji inatosha kwa mbizi.

Linalosahaulika na pande zote ni tiba baada ya ajali. Mzamiaji aliyepatwa na ugonjwa wa viputo hupewa oksijeni na kwa kawaida maji mwilini, lakini maji hayo kwa asiyekojoa lazima yapimwe kwa uangalifu. Ikiwa neva zake zilikwisha kuharibiwa na kisukari au ugonjwa wenyewe wa figo, ganzi ya miguuni, ambayo pia ni dalili ya ugonjwa wa viputo, haitamwambia daktari lolote kama hakuna kumbukumbu ya uchunguzi uliofanyika kabla ya mbizi.

Kwa hiyo aliye katika hatua za mwanzo za ugonjwa, ambaye shinikizo lake limedhibitiwa, sioni sababu ya kumzuia kwa ajili ya figo peke yake. Mwenye fistula ningemkubalia mbizi fupi, katika maji tulivu yasiyo na kina kikubwa, kwa idhini ya daktari wa figo na wa mbizi. Mwenzake wa mbizi naye aelezwe yote kabla hawajaingia majini, kwa sababu ndiye atakayelazimika kumpandisha juu pumzi zikimkatika.