Kwenye moteli ile, risasi ndizo zilizoingiza jua

Ndugu mwandishi, umesema filamu za kauboi na za wanyonya damu zilikutana mara ya kwanza mwaka 1996, kwenye From Dusk Till Dawn. Hapana. Curse of the Undead ilitoka 1959, na mnyonya damu wake ni mpiga bastola wa kukodiwa.

Lakini kilichoniuma hasa ni kuisahau Near Dark ya Kathryn Bigelow, ya 1987. Mama yule alitaka kutengeneza filamu ya kauboi, na miaka ile ilikuwa taabu kupata wa kuigharamia. Ndipo akatia wanyonya damu ndani yake. Na neno "mnyonya damu" halitamkwi hata mara moja! Hakuna meno marefu wala misalaba. Kuna vumbi, magari yaliyozibwa vioo, na Severen, aliyeigizwa na Bill Paxton, anayemchinja mwenye baa kwa chuma cha kisigino cha buti yake.

Hebu itazame tena sehemu ya moteli. Polisi wanamimina risasi ukutani mchana kweupe. Risasi zenyewe haziwaui wanyonya damu waliomo ndani, ila kila tundu linapitisha mwale wa jua, na mwale ukigusa ngozi, moshi unafuka. Wanajibana gizani huku chumba kikizidi kutobolewa. Mapambano ya bastola tumeyaona mara ngapi? Ya kuogopa matundu kuliko risasi, mimi sijayaona kwingine.

Kuponywa unyonyaji damu kwa kuongezewa damu, mwishoni mwa filamu, ni kwepesi mno, hilo nakubali. Bado haikustahili kuachwa.