Msiizime FM ya Dar

Kila nikiwasikia ndugu zangu wa hapa Oslo wakisema redio za Dar zimepitwa na wakati, eti zihame FM ziende kidijitali kama Ulaya, huwa nawauliza: mlikuwepo mwaka 2017? Norway ndiyo nchi ya kwanza duniani kuzima FM kwa vituo vyake vya kitaifa. Walianzia Nordland mwezi Januari, wakaenda mkoa kwa mkoa, Desemba wakamalizia kaskazini kabisa. Ikabaki DAB, yaani redio ya kidijitali. Sauti safi, vituo tele, hilo sibishi. Lakini redio nzima za jikoni zikageuka mapambo, na mwenye gari la zamani akatakiwa kununua kifaa cha kuchomeka. Hawa wana hela ya mafuta na bado walinung'unika. Itakuwa sisi?

Tena sisi tulishaonja. Televisheni ya analojia ilizimwa Dar tarehe 31 Desemba 2012, tukaambiwa tununue ving'amuzi. Aliyekosa hela akahamia kibanda umiza. Redio haikuguswa, ndiyo maana mpaka leo haina tabaka. Nenda kwa fundi cherehani yeyote wa Mwananyamala: redio imefungwa mpira ili mfuniko usidondoke, antena ilishavunjika, pamechomekwa kipande cha waya, na betri zimeanikwa juani zipate nguvu ya kumalizia taarifa ya habari. Hadaiwi bando wala malipo ya mwezi.

Halafu kuna hili la kusikiliza pamoja. Hapa kwenye treni kila mtu na vidude vyake masikioni. Daladala ya Gongo la Mboto dereva akishaweka EFM, mmewekewa wote. Mchambuzi akiigusa Yanga vibaya, siti ya nyuma inamjibu kana kwamba anasikia, konda naye anaacha kudai nauli ili achangie. Na TBC Taifa, tangu enzi zile ikiitwa Redio Tanzania, imewafikishia watu taarifa za misiba ambazo barua isingewahi. Oslo sijawahi kusikia redio ikimtafuta ndugu wa marehemu popote alipo.

Kichekesho ni kwamba mamlaka ya maafa ya Norway sasa inawashauri raia wawe na redio ya betri nyumbani, kwa siku ambayo umeme na mtandao vitakatika. Mlinzi wa usiku wa Sinza hakusubiri kipeperushi.

Ninachowaonea wivu hawa ni kimoja: NRK, shirika lao la umma, halina matangazo ya biashara. Mimi nafungulia Dar kwenye simu, kule kumekucha saa kumi na mbili, huku wakati wa baridi bado saa kumi alfajiri, nakutana na kubeti. Habari mbili, kubeti. Magazeti, kubeti. Mtangazaji anacheka na mwenzake dakika nzima, kisha kubeti tena. Hapo nakubali tumeharibu wenyewe, na mitambo mipya haitatibu.

Kama TCRA, mamlaka yetu ya mawasiliano, inatafuta kazi, ianze na simu. Kiswaswadu cha bei ya chee kina FM ndani, simu janja nyingi mpya hazina. Waagizaji waulizwe kwa nini.