Vanderbilt alimfungaje Alabama, na kwa nini wengine wanashindwa

Tarehe 5 Oktoba 2024 pale Nashville, kwenye mpira wa Kimarekani wa vyuo, kibonde Vanderbilt (Vandy) alimpiga Alabama 40–35, na Alabama huyo alikuwa namba 1 Marekani nzima, tena wiki moja tu nyuma katoka kumfunga Georgia. Mashabiki wakang'oa nguzo za goli wakaenda kuzitupa mto Cumberland. Tangu siku ile kila kibonde akichapwa unasikia hoja ileile, mbona Vandy waliweza, shida ni ofensi (kikosi cha kushambulia) haitekelezi, vijana wakifanya kama walivyofundishwa mkubwa anakaa. Mi nakubali nusu tu.

Kwa ambaye haufuatilii huu mchezo, timu inapewa nafasi nne za kusogeza mpira yadi 10, ukizipata unapewa nne nyingine, ukikosa unamwachia mwenzako. Nafasi ya tatu ndo pagumu penyewe, na Vandy siku ile walifaulu hapo mara 12 kati ya 18. Kwotabeki wao (ndo mrusha pasi) Diego Pavia alirusha pasi 20 zikafika 16. Kuna mahali ilikuwa nafasi ya nne imebaki yadi 1, kila mtu anasubiri wajibane katikati, jamaa wakarusha pasi ya yadi 36, tachidauni, yaani wamefunga. Kwa ujumla walikaa na mpira dakika kama 42 kati ya 60, yaani ni kupaki basi ila basi lenyewe ni ofensi, manake wale watoto hatari wa Alabama muda mwingi walikuwa benchi wanaangalia, na ukiwa benchi hufungi. Hapo wenye hoja ya utekelezaji wana haki yao, siwabishii.

Sasa ugumu uko hapa. Pasi haitekelezwi hewani, inatekelezwa nyuma ya laini ya watu watano ambao kazi yao ni kuzuia, na kwotabeki anahitaji sekunde mbili na nusu, tatu hivi, ili mpokeaji amalize kukimbia njia yake. Ukikutana na difensi (kikosi cha kulinda) ambayo mtu wao wa mbele ana kilo nyingi kuliko wako na bado anamzidi mbio, hizo sekunde hazipo, kwotabeki anarusha mapema au anarusha huku anarudi nyuma, mpira unapita juu ya kichwa cha mpokeaji, kesho yake kwenye video inaonekana amekosea yeye. Kochi anakwambia hatukutekeleza. Kweli hamkutekeleza, ila nani kawanyima nafasi ya kutekeleza? Alafu kuna kota ya nne, mkubwa anaingiza wengine wazuri vilevile, wewe wako ni walewale wamechoka. Mpaka msimu wa 2024 timu za daraja la juu ziliruhusiwa skolashipu 85, za daraja la chini yake 63, kwa hiyo wakikutana tofauti ipo kabla hata mpira haujaanza.

Ndo maana mi naona kibonde mwenye akili hatafuti kutekeleza vizuri zaidi, anatafuta mchezo wenye vitu vichache vya kutekeleza. Army na Navy, timu za vyuo vya jeshi, wameishi hivyo miaka mingi, wanacheza opsheni, beki mmoja wanamwacha makusudi bila kumzuia, kwotabeki anamsoma tu, akienda kwa huyu mpira unaenda kwa yule. Mtu usiyemzuia hawezi kukushinda nguvu! Septemba 2018 Army walienda kwa Oklahoma ya kwotabeki Kyler Murray, wakakaa na mpira zaidi ya dakika 44, karibu kila kitu kiliwaendea sawa. Wakafungwa 28–21 muda wa nyongeza. Kwa hiyo hata ukipatia mpango na utekelezaji, unachopata ni nafasi ya kubahatisha mwishoni, ambayo si haba, ila tusiiite dawa.

Na huo utekelezaji wa Vandy haukuokotwa wiki ile. Pavia alikuja kutoka New Mexico State pamoja na kochi wake wa ofensi Tim Beck na mzee Jerry Kill aliyekuwa kochi mkuu huko, na wakiwa huko Novemba 2023 walishampiga mkubwa Auburn 31–10 nyumbani kwake. Walihamia na mchezo wao mzima kichwani. Na bado haohao, wiki tatu kabla ya Alabama, walifungwa na timu ndogo Georgia State 36–32! Bahati nayo ilikuwepo, pasi ya Jalen Milroe, kwotabeki wa Alabama, iliguswa ikabadili njia, ikadakwa na beki wa Vandy akakimbia nayo mpaka tachidauni.

Oktoba 2025 wakarudiana Tuscaloosa, nyumbani kwa Alabama, Alabama akashinda 30–14. Pavia aliangusha mpira karibu na mstari wa kufungia, na pasi nyingine ikadakwa hukohuko. Watu wakasema basi, makosa mawili tu ndo yamewaua, wangetekeleza wangeshinda tena. Inawezekana. Ila hebu rudi kwenye ile ya 2024, Alabama naye alipoteza mpira mara mbili, akaushika dakika kama 18 tu, na bado kakosa kwa pointi 5.