Simu Moja, Watu Watano

Chini ya nyumba ninayopanga hapa Ruwi, Muscat, yupo fundi cherehani wa Kibangali. Ijumaa wakishakula, yeye na wenzake wanne hujibana mkekani, simu wameiegemeza kwenye kopo la vifungo. Filamu ni ileile kila wiki: Beder Meye Josna, ya mwaka 1989. Lugha yao naambulia maneno mawili matatu, lakini kisa nimeshakishika.

Josna ni binti wa kadhi. Utotoni anaumwa na nyoka, wanamdhania kafa, wanamlaza juu ya chelezo cha migomba na kumwachia mto. Anaokotwa na Wabede, watu wa mashuani, wafuga nyoka, wauza dawa, waumikaji damu kwa pembe kama wazee wetu. Akishakua, mwana wa mfalme naye anagongwa na nyoka. Mfalme anaahidi: atakayemponya atapewa anachotaka. Josna anapuliza zumari, kijana anapona, naye anamtaka huyohuyo kijana. Mfalme anamfukuza.

Hapo mkeka wote unanyamaza, kama hawajui kinachokuja!

Wengi husema filamu hii inapendwa kwa mapenzi na nyimbo. Sawa, waigizaji wake Anju Ghosh na Ilias Kanchan walipendeza, na huko Kolkata, India, wakaitengeneza upya mwaka 1991 kwa Anju huyohuyo. Mimi naona kinachowashika hawa mafundi ni ile ahadi. Kati ya watu watano wa mkekani, watatu waliahidiwa mshahara mmoja kwao, wakafika huku wakakuta mwingine. Mfalme anayegeuka baada ya kuponyewa mwanawe wanamjua vizuri sana.

Kwetu Unguja tulikuwa hivyo. Tulikuwa tukizililia filamu za Kihindi pale sinema ya Majestic, Vuga, neno hatulijui, na kesho yake barazani kila mtu ana tafsiri yake. Likizo iliyopita nimekwenda nyumbani: sebule moja, watu sita, simu sita, kila mtu na vidude vyake masikioni. Siku zote tunasema ughaibuni ndiko kwenye upweke. Wallahi, mimi kicheko cha pamoja nakipata dukani kwa fundi.

Juzi akaniuliza kama na sisi tunacho kisa cha namna hiyo. Nikamsimulia kwa Kiarabu changu kibovu habari ya paa wa Sultani Darai: alivyomwozesha bwana wake maskini binti wa sultani, akamuua nyoka wa vichwa saba ili bwana wake apate nyumba, na paa alipougua, yule bwana akaamrisha apewe uji wa mtama, hata kumtazama hakwenda. Paa akafa, akatupwa kisimani.

Fundi akasonya, akakata uzi kwa meno. Akauliza kama ipo kwenye simu.

Nikamwambia mimi niliisikia kwa bibi.