Pesa za Mafuriko Zitangulie Mafuriko

Aprili 2019, Kimbunga Kenneth kilipokuwa kinakuja, watu wa Mtwara tuliambiwa tuhame mabondeni na pwani. Tahadhari ilikuwa ya haki kabisa. Lakini mama mwenye watoto wanne, bibi asiyeweza kutembea, na debe tatu za mahindi ndani, anahama na nini? Bodaboda anataka nauli. Turubai linauzwa. Kuku hawabebeki, basi wanauzwa jioni hiyo hiyo kwa bei ya kutupa.

Kwetu pesa za korosho huanza kuingia Oktoba. Ikifika Machi, na vimbunga bado viko msimuni, kaya maskini zimeshakauka. Maji yakiingia wakati huo, mkulima anakimbilia kangomba: anauza korosho ambazo mkorosho haujazitolea hata maua, kwa bei ya mnunuzi. Msaada ukija mwezi wa sita, mavuno yake ya msimu unaofuata yameshakwenda. Hilo linaniuma kuliko nyumba iliyoanguka, maana ukuta wa udongo hukandikwa upya.

Tena Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya Dar es Salaam ilikatika pale Somanga. Barabara ikikatika hivyo, pesa inayokuja baada ya mafuriko inakuta duka halina unga.

Julai 2020 huko Bangladesh, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilizipa kaya zaidi ya 23,000 za kando ya mto Jamuna taka (sarafu ya huko) 4,500 kila moja kabla mafuriko hayajafika kilele. Utafiti uliofuata ulionyesha kuwa waliopata hawakuwa rahisi kushinda siku nzima bila kula kama wale waliokosa. Sisi tunashindwaje? TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, ina majina ya walengwa mpaka vijijini, na Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa tahadhari siku kadhaa kabla.

Najua kuna atakayesema Kenneth kiliishia Msumbiji, na Jobo cha 2021 kilidhoofika kabla ya kufika, kwa hiyo pesa zingepotea. Zingepotea wapi? Unga ungeliwa, bati lingepigiliwa misumari, mtoto angepata daftari.

Kabla ya Novemba, Kilwa, ambako mafuriko ya Januari 2020 yaliua watu, iwe imeshaandika: mto ukifika kina gani pesa zinatoka, kila kaya inapata kiasi gani, na nani anaweka saini. Na saini hiyo isisubiri kikao cha tathmini ya maafa.