Shujaa Wangu Yuko Pantoni Tangu Ramadhani

Kuanza kitabu Dar es Salaam ni kazi nyepesi, asikudanganye mtu. Unatangaza tu. Mimi nilitangaza kijiweni kwetu Tandika, mbele ya wazee wa kahawa, kwamba naandika riwaya. Papo hapo nikaongezewa kikombe, na kashata juu, na kulipa nikakatazwa. Mzee mmoja akasema nchi hii inahitaji watu wa aina yangu. Mwingine akauliza kama na yeye atakuwemo, nikamwambia atakuwemo. Wiki nzima napita pale kifua mbele, watoto wananinyooshea kidole, "mwandishi huyo!" Na kurasa za mwanzo hazikunisumbua hata kidogo: kijana katoka Nzega, kashuka stendi ya Ubungo usiku, mkononi ana begi, ndani ya begi mna barua isiyokuwa yake. Hapo nani atakosa la kuandika?

Mwisho nao ninao. Nimeshaupanga kichwani, na nikiwa naoga nikiufikiria machozi yananitoka, nashukuru maji yanaficha. Tabu yangu ni hapa katikati. Katikati hakuna kashata ya bure.

Sasa hivi ninavyosema nanyi, shujaa wangu yuko ndani ya pantoni, anavuka Magogoni kwenda Kigamboni. Mnaujua ule mkondo wa maji. Ukisimama huku unamwona mtu wa ng'ambo anavyokula muhogo. Pantoni likishaondoka ni dakika chache, umefika. Wangu yumo tangu Ramadhani. Kapanda akiwa kafunga. Idi ndogo ikapita, Idi kubwa ikapita, Maulidi yakasomwa watu wakala biriani, yeye kashika chuma palepale, anatazama maji, kwa nauli ileile ya mia mbili. Nikifungua daftari ananitazama. Nalifunga.

Na maswali sasa! "Kitabu kimefika wapi?" Muuza genge anauliza, fundi cherehani anauliza, shemeji yangu kapiga simu kutoka Kahama akauliza kabla hata ya kunijulia hali. Mji huuhuu unaojua kustahi mambo yaliyokwama! Nenda Chanika, nenda Bunju, nenda Kigamboni ya ndani huko, uone mapagale. Siku ya msingi watu walialikana, pilau likapikwa, mafundi wakapiga picha. Nyumba ikafika kwenye lenta, mwenyewe akapotea, ndani mpapai umeota, unazaa, wapita njia wanachuma. Riwaya yangu iko kwenye lenta. Ila pagale watu hulipita kimya, wanaelewa, saruji imepanda. Na langu lipo moja huko Chanika, sijawahi kuulizwa limefika wapi. Ya kitabu ndiyo wanayoyaweza, kwa sababu wanadhani maneno hayauzwi kwa mfuko.

Halafu wako wale wanaosaidia. Mzee wangu mmoja wa kijiweni, mjuzi wa kila kitu, nilimsimulia hadithi nikitegemea anitie moyo. Akavuta kahawa, akasema, "Huyo kijana wako kashuka Ubungo mwaka gani? Mabasi ya mikoani tangu 2021 yako Mbezi." Sawa mzee, shikamoo, nikairudisha hadithi 2019. Akafikiri, akasema, "Basi 2019 daraja la Kigamboni lipo. Anangoja pantoni la nini?" Nikasema nitaipeleka nyuma zaidi, 2015. Akacheka. "Si ulisema sura ya tatu anaibiwa simu kwenye mwendokasi?" Hapo ndipo nilipotaka kulia. Maana Daraja la Nyerere lilifunguliwa Aprili 2016, na mwendokasi yakaanza Mei 2016. Mwezi mmoja! Nikikwepa daraja napoteza mwizi, nikimtaka mwizi daraja linanikodolea macho. Nimelala na mambo hayo kifuani, mke wangu ananiuliza nawaza deni gani. Jibu lilikuja alfajiri: kijana alikuwa Posta, kwa miguu, hana gari, daraja liko Kurasini huko, ataendea nini? Nikakimbia kijiweni kumwambia mzee. Mzee kasafiri, kaenda Rufiji msibani.

Ninaye na mpwa wangu, anasoma Mlimani. Huyu kajipa kazi ya kunihamasisha. Kila asubuhi ujumbe: "Shikamoo mjomba, leo maneno mangapi?" Marahaba hainitoki. Anasema huko Marekani, mwaka 1999, watu 21 wa San Francisco walikubaliana kila mmoja aandike riwaya ndani ya mwezi mmoja. Mwaka uliofuata mchezo ukahamia Novemba, ukakua, watu wa dunia nzima wakawa wanajiunga, lengo maneno 50,000 kwa siku 30. Nikapiga hesabu kwa kikokotoo cha dukani: 1,667 kwa siku. Na wenyewe, anasema, walijua kabisa kwamba wiki ya pili ndiyo inayoua watu. Shangwe zimeisha, mwisho hauonekani. Moyo ukanitulia kidogo kusikia hata Wamarekani, pamoja na umeme wao wote, wanakwama palepale ninapokwama mimi. Lakini Novemba, jamani! Aliyechagua Novemba hajawahi kupanga Tandika. Novemba ni vuli. Mvua ikishika bati, mawazo yako mwenyewe huyasikii. Usiku wa mvua mimi siandiki chochote, nahamisha godoro na kumwaga ndoo.

Mpwa hakukoma. Akaniletea habari za Mwingereza wa karne ya 19, Anthony Trollope, mfanyakazi wa posta. Huyu bwana saa kumi na moja na nusu alfajiri yuko mezani, saa yake kaiweka mbele, na kila robo saa inayopita lazima maneno 250 yawe kwenye karatasi. Wenzake wanaamka kunywa chai, yeye kashamaliza, anakwenda zake posta. Kaacha riwaya 47. Nikasema basi na mimi nitajaribu, mpaka nilipofika pale mpwa aliposema bwana huyo alikuwa na mtumishi mzee, anamwongeza pauni tano kwa mwaka kwa kumwamsha na kumletea kahawa. Kumbe! Mimi saa hiyo naamshwa bure, na adhana, na jogoo wa jirani, na mama wa vitumbua anayenadi dirishani kwangu, watatu hao na hakuna hata mmoja mwenye kahawa mkononi. Tena saa hiyo inatakiwa niwe kituoni, maana bosi wangu Kariakoo anataka stoo iwe wazi saa moja na nusu.

"Lakini mjomba, alikuwa anaandika hata ndani ya treni. Alikuwa na kibao chake, anakiweka magotini."

Magotini! Kwenye daladala la Tandika kwenda Kariakoo mimi magoti yangu siyajui yaliko. Mguu mmoja uko hewani, mwingine umekaliwa na kapu la dagaa, kwapa la mtu nisiyemjua liko puani, na konda anapiga bodi, "Sogeeni nyuma, nyuma kweupe!" Kweupe wapi? Siku moja nilijitahidi, nikatoa simu niandike sentensi moja tu, abiria wa pembeni akaisoma pamoja nami, akasema, "Braza, hapo kwenye 'akamtazama' si umeshaandika juu?" Nikairudisha simu mfukoni.

Ushauri mmoja tu ndio uliowahi kufanya kazi, nao si kwa hiari yangu. Ernest Hemingway alikuwa akisema uache kuandika wakati bado unajua kinachofuata, ili kesho uwe na pa kuanzia. Kwangu jambo hilo linasimamiwa na luku. Nyumba yetu mita ni moja, wapangaji watano, na kila mmoja anaamini yuniti zinaliwa na mwenzake. Usiku mmoja nimefika mahali patamu, vidole vinakimbia, nimeandika: "Akamgeukia, macho yamemtoka, akamwambia," giza. Alimwambia nini? Mpaka leo sijui. Betri ya kompyuta ilishakufa siku nyingi, ukichomoa waya na yenyewe inazima. Nikatoka uani na tochi, nikakuta kikao. Mama Shani, mwenye friji mbili za barafu zinazonguruma usiku na mchana, kasimama mikono kiunoni: "Umeme wa nyumba hii unamalizwa na kompyuta ya Baba Nuru. Mtu mzima anabonyeza bonyeza usiku kucha!" Wote wakaniangalia. Nikachangishwa elfu mbili zaidi, na kompyuta nikaiweka juu ya kabati. Nikarudi kwenye kaunta buku na kalamu ya mia tano.

Mke wangu, ukimuuliza, atakwambia ana imani na kitabu. Imani yenyewe ina hesabu. Kasikia redioni habari za Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ile iliyoanza kutolewa 2023, kwamba mshindi wa kwanza anapewa shilingi milioni 10. Kesho yake nikakuta imeshagawanywa, kwenye karatasi, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu: milioni nne bati za Chanika, mbili na nusu milango na madirisha, milioni moja na nusu ada ya Nuru, moja mtaji wa vitenge, laki tisa kumalizia mchango wa harusi ya dada yake. "Na hii laki inayobaki?" nikauliza. "Utanunua kalamu, Baba Nuru." Sasa niambie, mtu anakaaje kuandika mapenzi na usaliti huku kila aya inayotoka anaiona bati nne?

Basi juzi mama mwenye nyumba akaja. Kodi ya miezi mitatu ilikuwa imeshaiva mpaka imeanza kudondoka, na mama huyu habishi hodi mara mbili. Mimi nilikuwa bafuni, na kwa ukweli niliongeza muda. Nikasubiri nisikie anaondoka. Kimya. Nikajifunga taulo vizuri, nikachungulia: kakaa kwenye kochi langu, miwani kaishusha puani, anasoma kaunta buku. Alidhani ni daftari la mahesabu, alitaka kuona pesa zangu zinakwenda wapi. Kashafika kurasa za mwendokasi. Anasonya, anafunua, anasonya, anafunua.

Alipoinua macho hakusema kodi. Alisema, "Hii barua kaiandika nani?"

Nikamwambia, mama, hiyo inajulikana mwishoni.

"Mwishoni ndiyo lini?"

Nikaeleza habari za pantoni. Nikaeleza habari za katikati, na luku, na vuli, na yule Mwingereza na mtumishi wake. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Akasema, "Baba Nuru, mimi nina presha. Kodi nakupa mpaka mwisho wa mwezi. Lakini Ijumaa nakuja, na nikimkuta huyo mtoto wa watu bado yuko majini, utatoka wewe na pantoni lako."

Ndugu zangu, usiku ule niliandika. Kwa tochi ya simu, mbu wananila, mkono unauma, sikujiuliza kama sentensi ni nzuri. Pantoni likagonga gati saa sita usiku. Shujaa wangu akashuka, akakanyaga mchanga wa Kigamboni, akaita bodaboda, akasema, "Nipeleke Mji Mwema," akapanda. Kufika kwa yule mama wa barua nikampangia Jumamosi.

Ijumaa mwenye nyumba kaja mapema, kaja na shoga yake. Kakaa, kasoma kwa sauti, shoga anaitikia "ehee, ehee." Pantoni liliposhusha watu wakapigiana viganja. Nikaanza kuvimba kichwa. Mara akanyamaza, akarudi mstari mmoja nyuma, akavua miwani.

"Elfu tano?"

Nikauliza, elfu tano nini, mama?

"Bodaboda, kutoka feri mpaka Mji Mwema, elfu tano? Huyu mtoto katoka Nzega hana kazi, kaibiwa simu, analipa elfu tano bila kuuliza? Haiwezekani. Mshushe."

"Ameshapanda, mama."

"Mshushe wapatane."

Nimemshusha. Wako pale feri, chini ya taa, wanabishana. Dereva amekataa katakata kwenda chini ya elfu tatu, na mama mwenye nyumba anasema mwisho wake ni elfu mbili.